Yeye Jipya, Mimi la Mtumba

Mara ya mwisho mliniacha nje ya stesheni ya Tokushima, nimeshika usukani, mdomo wazi kama samaki wa sokoni, na mchumba wa mtalaka wangu ndiyo kwanza anafunga mkanda kwenye kiti cha pembeni yangu.

Kwa aliyechelewa kufika, mambo yangu ni haya.

Naitwa Tokie. Naandika habari za magari madogo kwenye jarida la Magurudumu Madogo, Osaka. Orihara Kanji naye anaandika hapo hapo, na kwa miaka tisa alikuwa mume wangu. Siku moja akaniambia jikoni, huku anamenya figili, kwamba tumechokana na ni bora kila mtu ashike njia yake. Nilikuwa sijui kwamba nimechoka. Nikapoteza mume, nikapoteza nyumba, hata paka akaondoka naye.

Halafu bosi wetu, mzee Udagawa, akatangaza kwamba jarida limebakiwa na nafasi ya mwandishi mmoja. Sisi tuko wawili.

Akatupatia mtihani. Gari la aina moja, lile dogo la injini ya cc mia sita na sitini ambalo kila mama wa kijijini analo. Moja jipya kutoka dukani, jingine la mtumba kutoka yadi. Tuyapandishe milimani mpaka daraja la kamba la bonde la Iya, ambako bosi na mpiga picha wangetungojea. Kila mmoja aseme, msomaji mwenye mfuko mwembamba anunue lipi. Atakayelipima gari vizuri zaidi abaki na kazi.

Kanji aliomba jipya. Aliomba kama mtoto anayeomba pipi. Kanji huyo huyo ambaye magari mapya yenye kengele na breki za kujifunga zenyewe ameyaita, miaka yote niliyomjua, yaya wa magurudumu manne!

Basi akapata jipya. Mimi nikabaki na la mtumba. Na sasa Suzuna, binti mwenye kofia ya sufi na kucha zilizokatwa fupi, alikuwa ameketi kwenye gari langu.

"Umekosea gari," nikamwambia. "La mchumba wako ni lile jeupe."

"Sijakosea."

"Kakutuma unichunguze?"

"Hapana, dada."

"Basi shuka."

Hakushuka. Aliweka mkoba miguuni, akavua kofia, akaiweka juu ya mkoba taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Dada Tokie, twende," akasema. "Mwenzetu kashaondoka."

Kweli, lile jeupe lilikuwa linakata kona. Nikatia gia.

Mimi nina tabia moja, nikijaribu gari naongea kwa sauti. Bila hivyo nasahau. Tukavuka mto, nikaanza.

"Usukani una ulegevu kidogo. Shokapu za nyuma zimechoka. Gurudumu la mbele kushoto linavuma, hiyo ni beringi. Kiyoyozi kinanuka soksi."

"Unaongea na nani?" Suzuna akauliza.

"Na gari."

"Linajibu?"

"Kuliko watu wengi ninaowajua."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri, na hilo likaniudhi.

"Hili limewahi kugongwa," nikaendelea, ili tu nisikae kimya naye. "Bati la juu ya gurudumu la mbele kulia limebadilishwa. Nati za boneti zina alama za spana. Lakini aliyelitengeneza alikuwa mtu wa heshima."

"Umejuaje?"

"Tapeli anapaka rangi juu ya kutu. Huyu alikwangua kwanza."

Akatazama nje. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshavunwa, mashina tu yamebaki.

"Na watu je?" akasema. "Mtu wa mtumba unamkaguaje?"

Nikamgeukia. "Hilo swali la gari, au unanipiga kijembe?"

"Nauliza tu. Mimi nimempata Kanji akiwa ametumika tayari."

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikaguna, na ule mguno ulikaribia sana kuwa kicheko. Jamani, mniambie, mwanamke wa namna hii unamchukia vipi?

Nilijitahidi, lakini.

Kona zikaanza. Barabara ilishika ukingo wa mto, chini maji ya kijani, juu misitu ya misonobari. Gari langu la mtumba lilinguruma kama mzee anayepanda ngazi, ila lilipanda. Nikiliachia linapumua, nikilikanyaga linalalamika, lakini kila nilichofanya lilinijibu. Mshale wa mafuta haukutikisika. Gari lile linanusa tu mafuta, halinywi.

"Simamisha," Suzuna akasema ghafla.

"Nini?"

"Simamisha, dada, tafadhali!"

Nikasimama kando ya mashine ya vinywaji. Akafungua mlango kabla magurudumu hayajatulia, akakimbilia nyuma ya mashine, nikamsikia anatapika.

Hapo nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Miaka tisa mimi na Kanji tulingoja mtoto. Tuliweka hata jina. Hakuja. Na sasa binti huyu anarudi kwenye gari anajifuta midomo, uso mweupe kama tofu, nami natakiwa nimnunulie chai ya chupa.

Nikamnunulia.

"Miezi mingapi?" nikamwuliza.

"Ya nini?"

"Suzuna, usinichezee. Mimi ni mtu mzima."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka huku macho yamejaa machozi.

"Sina mimba, dada. Ningekuwa nayo, nisingepanda gari na Kanji hata kwenda dukani."

"Maana yake?"

Akainamia chupa ya chai. Nikaona wazi kwamba neno lile lilimponyoka.

"Ni tumbo langu tu," akasema. "Likishikwa na hofu linafanya hivi."

"Hofu ya nini? Yangu mimi?"

"Ya leo iishe vibaya."

"Vibaya kwa nani?"

Alinywa chai yake. Alikuwa bado anainywa tulipofika kwenye banda la tambi, tulipopangiwa kula.

Kanji alikuwa ameshafika. Gari lake jeupe lilikuwa limeegeshwa upande upande, limekula nafasi mbili. Kwa Kanji hilo lilikuwa jambo la ajabu. Huyu ni mtu aliyekuwa akinifokea nikiacha gari nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Nikasema moyoni, ameshajiona mshindi, ameanza kuegesha kama bwana mkubwa.

Ndani ya banda, Kanji alikaa pembeni kabisa, bega la kushoto karibu na ukuta.

"Karibuni, mabibi!" akapaza sauti. "Tokie, huo mkebe wako haujamwaga nati njiani?"

"Mkebe wangu una adabu. Yaya wako anasemaje?"

"Anaimba! Ukigusa mstari, pii. Ukimkaribia mtu, pii. Gari la mbele likisimama linafunga breki lenyewe. Injini iko kimya, kiti kimenikumbatia. Nimekosea miaka yote, nakiri. Msomaji wetu aache mitumba, ajibane, anunue jipya."

"Wewe?" nikasema. "Wewe ndiye unasema hayo?"

"Mtu hubadilika."

"Hivyo haraka?"

Suzuna alikuwa anazungusha tambi bila kula. Mama mwenye banda akaja na bakuli la Kanji, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto, akapenyeza mkono kati yake na ukuta. Kanji hakulipokea. Mama yule akangoja, bakuli linafuka moshi, Kanji anaongea tu na mimi, mpaka Suzuna akainuka akalipokea yeye na kuliweka mezani.

Nikaona haya kwa niaba yake. Majivuno gani haya, mtu anakuletea chakula humtazami?

Dakika hiyo hiyo akapiga kikombe cha chai kwa kiwiko, kikamwagika chote.

"Meza zao ndogo," akasema.

"Meza ni ile ile tuliyokalia sisi," nikamjibu.

Suzuna akafuta chai. Halafu, bila kunyanyua uso, akasema, "Kanji, mwachie mimi gari. Niendeshe mimi kipande kilichobaki."

"Wewe?" Akacheka. "Huu ni mtihani wangu, mpenzi. Wewe una leseni ya kwendea sokoni."

"Basi tusubiri ukungu upungue."

"Ukungu gani? Njoo upande na mimi, acha kumchosha Tokie."

"Napenda gari la dada."

Kanji aliacha vijiti vyake mezani. Wakatazamana wale wawili, na katika ule mtazamo mlikuwa na ugomvi ambao ulianza siku nyingi kabla ya safari hii. Mimi niliyejiona ndiye niliyeonewa nikajikuta mgeni mezani.

"Ulimwambia kitu?" Kanji akamwuliza polepole.

"Sijamwambia."

"Kuniambia nini?" nikadakia.

"Kwamba unaendesha kama kobe," Kanji akasema, akainuka, akatoka. Alipopita mlangoni aligonga bega kwenye nguzo.

Nikakaa pale nikiwaza. Ukitaka kujua niliwaza nini, niliwaza ubaya. Nikasema hawa wana njama. Pengine gari langu limelegezwa kitu. Nikatoka, nikainama uvunguni mwa mtumba wangu kwenye kokoto, nikapapasa mabomba ya breki, nikatazama kama kuna kinachovuja. Palikuwa pakavu. Suzuna alisimama juu yangu.

"Unatafuta nini, dada?"

"Mliloniwekea."

"Gari lako ni zima," akasema. "Ningekuwa nimelichezea, ningepanda?"

Nikajikung'uta magoti, tukaondoka.

Juu ya banda lile barabara inakuwa nyembamba. Gari moja linapita, jingine linarudi nyuma. Mistari ya rangi inaishia kwenye daraja dogo la saruji. Baada ya hapo ni lami tupu, ukuta wa mlima kulia, na kushoto mtaro ulio wazi, mpana, wa kumeza gurudumu. Nyuma ya mtaro ni vyuma vya ukingo, na nyuma ya vyuma ni bonde. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vyuma.

Nikawasha taa. Nilienda polepole, dirisha wazi, nikisikiliza. Gari la mtumba halina cha kukusaidia hapo. Halina kengele, halina jicho la mbele. Lina macho yako tu. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, kama kawaida yangu, nikamwona Suzuna ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Naenda polepole," nikamwambia.

"Sikuogopi wewe."

"Basi unaogopa nani?"

Tukakata kona, na jibu likawa mbele yetu.

Lile jeupe lilikuwa limeinama ubavu, magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma, yote mawili ndani ya mtaro, taa moja inamulika ukungu, nyingine inamulika majani. Kanji alikuwa amesimama kulia, mkono kwenye paa, kama mtu anayemtuliza farasi.

Hadithi hii ni ya kujianika, kwa hiyo nitajianika. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Kabla sijauliza kama ameumia, kabla sijavuta hendibreki, moyo wangu ulisema: kazi ni yangu.

Suzuna alisharuka nje.

"Umeumia? Niangalie. Kanji, niangalie!"

"Sijaumia. Barabara imekatika ghafla."

"Imekatika wapi?" nikauliza nikiwakaribia. Mtaro ulikuwa umenyooka kutoka kona ile mpaka nyingine, wazi, kama ulivyokuwa tangu chini. "Barabara ni ile ile, Kanji. Mtaro ni ule ule. Umefuatana nao tangu kwenye lile daraja dogo."

"Ukungu."

"Ukungu upo mbele. Mtaro ulikuwa ubavuni kwako."

"Hili gari halikulia!" akafoka. "Linatakiwa lilie mtu akipotea! Halikulia hata mara moja!"

"Lilie kwa mstari upi? Huku hakuna mistari. Halina cha kusoma."

Na nilipoyasema hayo maneno, nikasikia nilichokisema.

Mtu aliyezichukia kengele maisha yake yote, leo analalamika kwamba kengele haikumwambia ukingo uko wapi. Gari lililoegeshwa upande upande. Bakuli. Kikombe. Nguzo ya mlango.

Nikazunguka, nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa, bega kwa bega.

"Kanji," nikasema. "Tazama mbele. Usigeuke. Nimenyoosha vidole vingapi?"

"Usiniletee utoto, Tokie."

"Vingapi?"

Akakaza macho mbele. "Vitatu."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa mifukoni.

Suzuna akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alisimama tu, machozi yanashuka, kama bomba lililoachwa wazi kidogo.

"Presha ya macho," akasema. "Kushoto kumezimika karibu kote. Kulia kumeanza. Dada, mimi nauza miwani. Alikuja dukani kwangu kutafuta miwani kali zaidi, nikampima, nikamwambia hii si kazi ya miwani, nenda hospitali. Hakwenda. Alirudi dukani kuniomba nisimwambie mtu. Akawa anarudi kila wiki. Ndivyo tulivyojuana."

"Tangu lini?" nikamwuliza Kanji.

Akapangusa ukungu kwenye paa la gari.

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu nyumbani," akasema. "Tangu tukiwa bado pamoja."

"Nami sikuona?"

"Ulikuwa karibu kuona. Wewe unasikia beringi ikivuma kabla haijavuma. Kila nikiendesha ulikuwa unanitazama. Nikajua siku yoyote utasema, Kanji, simamisha gari, na ukishasema wewe, imekwisha. Ningekuwa nani mimi, nisipoendesha?"

"Kwa hiyo ukaniacha."

"Ilikuwa rahisi zaidi kukuacha."

Mara ngapi usiku nililala nikijikagua kila mahali, nikitafuta wapi nimechakaa! Kumbe sikuwa na kasoro aliyoikimbia. Alikimbia macho yangu.

Lakini si mimi peke yangu niliyepigwa. Suzuna alikuwa ameacha kulia.

"Uliniambia mlichokana," akasema.

"Suzuna..."

"Uliniambia hapakuwa na kitu tena. Kumbe ulikuwa unampenda, ukamwacha kwa sababu anaona. Na mimi? Mimi nauza miwani, Kanji. Mimi niliona kabla ya wote. Mimi ulinichukua kwa sababu ninanyamaza?"

Kabla Kanji hajafungua kinywa, simu yangu ikalia. Pale juu palikuwa na mtandao kidogo. Alikuwa bosi. Nikabonyeza spika kwa mazoea, maana mzee Udagawa husema kwa sauti ya mtu anayeita feri.

"Tokie! Mko wapi? Mpiga picha anaganda huku!"

"Bosi, tuko njiani. Gari jipya limeingia mtaroni."

"Limeingia wapi? Mtu kaumia?"

"Hakuna aliyeumia."

"Afadhali! Maana kesho Kanji ana kazi kubwa. Nimewaalika wasomaji na familia zao, wanakuja na basi. Atawapandisha kwenye jipya kwa zamu, watoto kwanza, aende nao mpaka bonde la juu na kurudi. Wenye kampuni ya gari wamefurahi sana. Hakuwaambieni?"

Nikahamia kulia kwa Kanji, nikamtazama. Hakuwa ametuambia. Suzuna alifunika mdomo kwa kiganja.

Watoto kwanza. Kwenye barabara hii.

Nikajua la kusema. Nikajua pia litakavyosikika. Mimi, mtalaka wake, ninayegombea naye nafasi moja, nampigia bosi kelele kwamba mwenzangu ni kipofu. Nani ataniamini? Na akiniamini, si ndiyo nimemzika Kanji kwa mkono wangu na kukalia kiti chake?

"Tokie? Upo? Limeingiaje mtaroni?"

"Bosi," nikaanza. "Kuhusu Kanji, kuna jambo..."

Kanji akaninyang'anya simu. Ilikuwa kulia kwake, aliiona vizuri sana.

"Bosi, Kanji hapa. Samahani kwa usumbufu. Ni Tokie. Aliniomba alijaribu hili jipya kidogo ili alinganishe, nikampa usukani. Ukungu ukamzidi. Usimfokee, kosa langu kumwachia."

Nikaishika simu, hakuiachia.

"Tokie ndiye aliyekuwa anaendesha?" bosi akauliza.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Bosi, anadanganya! Sijaligusa hata mlango!"

"Nyie wawili nimewachoka," bosi akasema. "Mnalumbana hadi porini! Yule binti yupo? Mpeni simu. Yeye hana cha kupata wala cha kupoteza humu."

Hana cha kupoteza! Kanji akamnyooshea Suzuna simu. Alimtazama tu, kwa lile jicho lililobaki.

Suzuna akaipokea. Akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa: sema, mdogo wangu, sema tu kilichotokea. Ndiyo, katika moyo wangu nilimwita mdogo wangu.

"Bosi," akasema. "Ni kweli. Dada Tokie ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Uliona mwenyewe?"

"Nilikuwa ndani ya gari naye."

Bosi akavuta pumzi ndefu. "Basi. Nimesikia. Gari la kuvuta litakuja kutoka chini, lingojeeni hapo. Tokie, ukifika darajani usishushe hata begi, tuna la kuongea. Kanji, pole. Kesho iko pale pale."

Simu ikakatika.

Kiyoyozi cha gari jipya kilikuwa bado kinapuliza ndani, taratibu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kanji akamshika Suzuna mkono, akaubusu.

"Asante," akanong'ona. "Asante, mpenzi wangu. Sitasahau."

"Nipe ufunguo," Suzuna akasema.

"Wa nini?"

"Koti langu liko ndani. Nasikia baridi."

Kanji akazima gari, akampa. Suzuna aliuweka ule ufunguo kwenye kiganja, akautazama jinsi watu wanavyotazama pete dukani. Halafu akauvuka mtaro kwa hatua moja, akafika kwenye vyuma vya ukingo, akautupa.

Aliutupa kwa nguvu zake zote. Ukungu uliumeza. Tulisikiliza uanguke, hatukusikia kitu.

"Umefanya nini?" Kanji akapiga ukelele. "Suzuna! Umetupa nini?"

Hata hakuuona ukiruka. Uliruka upande wa kushoto kwake.

"Jina nimekuachia," Suzuna akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyonitisha. "Kazi nimekuachia. Nimemdanganya mzee wa watu na nimemchafua mtu asiye na kosa, kwa ajili yako. Lakini gari sikuachii. Watoto wa watu hupandishi."

"Wataleta ufunguo mwingine!"

"Nitautupa na huo."

Kisha akanigeukia. "Nipige, dada. Ukitaka nipige."

Nilitaka. Mkono ulishaanza kunyanyuka. Lakini nilimwona alivyosimama, ameinua kidevu, amefumba macho, anangoja kofi, nikaushusha. Nikageuka, nikaingia kwenye mtumba wangu, nikapandisha kioo, nikabonyeza vitasa vyote kwa ndani.

Nikawasha. Likawaka mara moja, limezoea.

Ningeweza kwenda. Barabara ilikuwa wazi upande wangu. Darajani bosi ananingoja akiwa ameshaamini kwamba mimi ni dereva mbovu, tena mwongo, na hapa nyuma yangu nawaacha watu wawili pekee wanaojua kwamba siyo. Suzuna akafika dirishani, akaweka viganja kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Injini ilinizuia kusikia, na sikutaka kusikia.

"Tokie!" Hiyo niliisikia. "Tokie, usituache huku!"

Kanji alikuwa anakuja. Ukungu ulikuwa mzito sasa, umemfika kifuani, taa zangu zinaufanya ukuta mweupe. Alitembea haraka, mkono mmoja mbele, vidole vimepanuka, anatafuta kitasa cha mlango wangu.

Lakini gari langu lilikuwa kushoto kwake. Alikuwa ameshalipita. Alikuwa anaelekea mtaroni na kwenye vyuma, na kipande kile cha vyuma, mbele yake, kilikuwa kimevunjika zamani, pengo limefungwa kwa kamba tu.

Suzuna alikuwa amempa mgongo. Hakuona.

Mkono wangu ulikuwa kwenye gia, na hapo ndipo mnaniacha leo.